Fungu la Evert

Kvarnliden,
4 Februari 1989

Mdogo wangu Torvald,

Salamu nyingi zikufikie huko Malmö, wewe na Anneli na mtoto. Natumaini hamjambo, na kwamba yale mafua yaliyomlaza mtoto wakati wa Krismasi yamekwisha. Mimi sijambo. Ng'ombe nao hawajambo, ila yule mweupe kwato imemvimba na anatembea kwa madaha kuliko mke wa mchungaji. Baridi imekaza. Juzi maziwa yaliganda kwenye ndoo kabla sijafika mlangoni.

Kuna kitu kidogo kigumu kwenye pembe ya bahasha. Bila shaka umeshakigusa. Kiache kwanza, usome.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu simu unaikata. Kila nikitaja jina la Baba unaniambia maziwa yanachemkia jikoni, na kwa kweli hakuna nyumba Sweden nzima inayochemsha maziwa kama yako. Barua haikatwi. Hata ukiichana, nakujua, jioni utakwenda kuokota vipande kwenye taka.

Habari kubwa ni kwamba nimekwenda kuwinda. Cheka kwanza, umalize, halafu tuendelee. Dada yako, aliyekuwa akibaki na ndoo za maziwa huku ninyi mkivaa skii na kuondoka na mbwa, amefanya mtihani wa bunduki katikati ya vijana wenye chunusi na akaufaulu. Nilijifunza kulenga shabaha peke yangu kule kwenye machimbo ya kokoto. Baba hakuwahi kunifundisha. Nilikuwa mkubwa kwako kwa miaka mitano, nilijua msitu kukushinda, lakini bunduki ya Babu ulipewa wewe siku ulipotimiza miaka kumi na saba, nami nikapewa kazi ya kuoka mkate wa kukupongeza. Niliuoka. Ulikuwa mkate mzuri.

Sikwenda kwa kupenda kuua. Nilikwenda kwa ajili ya jina la Baba. Unaukumbuka utaratibu wa kijiji chetu: nyama ikishakatwa, mafungu yanapangwa juu ya meza bandani, mmoja anageukia ukutani, mwingine anagusa fungu kwa ncha ya kisu na kuuliza, "La nani hili?" Yule asiyeona anataja jina, na lililotajwa limetajwa, hakuna kunung'unika kwamba mwenzako kapata paja nawe umepata mbavu. Mwenzao akifa, kwenye uwindaji wa kwanza baada ya kifo chake linawekwa fungu lake, jina lake linatajwa kwa mara ya mwisho, na nyama inapelekwa nyumbani kwake. Mzee Algot alitajiwa. Hata yule mlevi wa kinu cha mbao, ambaye aliwahi kumpiga risasi mbwa wake mwenyewe, alitajiwa. Baba alikufa Oktoba. Novemba wakawinda, wakagawana, wakaenda makwao. Hakuna aliyefungua kinywa.

Sababu unaijua. Miaka kumi na mmoja iliyopita walimtoa kwenye kikosi cha wawindaji kwa kumpiga mama elki, mnyama mkubwa kama farasi, na kuacha ndama wake. Hapa kwetu ndama anatangulia: unapiga mtoto kwanza, na mama unamwachia uhai wake au unampiga baadaye. Ukimpiga mama kwanza, mtoto hawezi peke yake kupasua njia kwenye theluji inayomfika kifuani, anakufa taratibu. Kwingine mtu anatozwa faini na kusemwa. Kwetu anatoka, harudi maisha yake yote, hata awe nani. Mzee Sixten, kiongozi wa kikosi, anaisema sheria hiyo kama watu wengine wanavyosema Baba Yetu.

Kwa hiyo nilijiunga. Nilitaka nisimame ukutani mimi mwenyewe, maana anayesimama ukutani siku zote ni yule aliye mgeni kikosini, na mgeni safari hii angekuwa mimi.

Tulitoka wiki ya mwisho ya Januari, msimu unafungwa, na kibali kilichobaki kilikuwa cha ndama mmoja tu. Tulikutana uani kwa Sixten, pumzi zinaganda kwenye nyusi. Börje wa dukani aliponiona na bunduki begani akauliza kwa sauti ya kusikika na wote kama leo kikosi kimeletewa mpishi. Nikamwambia mpishi wake yuko nyumbani kwake, na kwa tumbo lile anajitahidi sana. Wakacheka, hata yeye mwenyewe. Hilding, mwenye mbwa, alicheka mpaka ugoro ukamponyoka mdomoni, akauokota kwenye theluji akaurudisha. Bado ni yule yule Hilding.

Sixten hakucheka. Alinifunga utepe mwekundu kwenye kofia, akaukaza kama anamfunga ndama kamba, akasema, "Sikia, binti Evert. Msituni hakuna mwanamke wala mwanamume. Kuna anayekaa mahali pake na asiyekaa. Usiondoke kwenye kingojeo chako mpaka niseme mimi. Nyumba yako hata iungue."

Nikamwambia nimesikia.

Kisha akanipangia msonobari. Unaujua, ule mkubwa juu ya kinamasi, kingojeo cha Baba. Sikumwomba. Alisema hakuna anayekitaka, upepo unakipiga, tangu Evert atoke kimekaa bure. Wengine walitazama skii zao. Nilidhani ni aibu, nikafurahi kidogo kuwaona na aibu.

Basi nikasimama pale aliposimama Baba. Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, Torvald, na huruhusiwi kupiga miguu chini. Machozi yananitoka kwa baridi, yanagandia shavuni. Nilikuwa na jibini mfukoni, imekuwa jiwe. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikayatumia macho. Mbele yangu kinamasi cheupe chote. Kulia, ule mwamba wenye mgongo, na miberoshi juu yake. Nyuma ya mwamba najua kuna kijito, na ng'ambo kuna ghala la nyasi kuukuu ulilokaa wewe siku ile Baba alipotolewa kikosini.

Nikatafuta kijito. Sikukiona. Nikainama, nikajinyoosha, nikapanda juu ya mzizi. Hakionekani. Ukisimama msonobarini huwezi kuona kijito hata ukiwa na shingo ya twiga.

Na yule mama elki wa Baba alikutwa kwenye kijito. Kijiji kizima kinajua, mimi mwenyewe nilikwenda kesho yake nikaiona theluji ilivyokuwa na damu. Baba alisema alimpiga akiwa msonobarini. Niliisikia hadithi ile mpaka nikaichoka, dukani, kanisani, kwenye maziko ya watu. Miti huota, nikajiambia, labda zamani palikuwa wazi. Lakini mwamba hauoti.

Hapo nikasahau kuwinda. Kama hakumpiga akiwa hapa, basi aliondoka hapa. Baba, ambaye alikuwa mkali kuhusu kingojeo kuliko Sixten! Aliyekuchapa kibao ulipokwenda kukojoa! Na kama hakumpiga yeye, nani alimpiga? Wewe ulikuwa ghalani na ulipiga hewa, kila mtu anajua, walikutania mwaka mzima. Mwingine aliyekuwa karibu ni mmoja tu, upande wa pili wa kijito: Sixten.

Nilikuwa bado nalitafuna hilo, mbwa wa Hilding, Tussa, alipoanza kubweka. Ni mbwa mwenye sauti moja tu, haongezi chumvi. Ilisogea, ikakata, ikasogea tena. Kisha wakatoka miberoshini, mama mbele, ndama nyuma anakanyaga kwenye nyayo za mama yake. Mama alisimama, akageuza masikio. Alikuwa mkubwa, alikuwa karibu, na ubavu wake wote ulikuwa umenielekea. Mkono wenyewe unataka kumlenga yeye. Naelewa sasa jinsi mtu anavyoweza kukosea.

Nikangoja ndama atoke nyuma yake. Akatoka. Nikapiga.

Alianguka pale pale, miguu ikacheza kidogo. Redio ya mawasiliano ikakoroma, Sixten akauliza nani kapiga. Nikasema mimi, ndama, amelala. Akauliza mama je. Nikasema amesimama. Akasema mwache.

Baba hakukwambia hili, au labda alikwambia nawe hukuniambia: mama haondoki. Alikimbia mpaka kwenye miti, akarudi. Akamnusa. Akamsukuma kwa pua kama ng'ombe wetu wanavyofanya. Hilding alipofika na kumfukuza kwa kelele alikwenda mpaka kwenye vichaka vya ukingoni mwa kinamasi akasimama, na muda wote tulipokuwa tukimpasua mtoto wake alikuwa pale, anatoa sauti ndogo kama mlango unaohitaji mafuta. Wote wakaja wakanipa mkono, Börje akasema, "Hongera, mama, leo umetutoa kimasomaso." Nikasema asante. Nilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko na sikujisikia mshindi wa kitu chochote. Kama hii ndiyo furaha mliyokuwa mkinificha ninyi wanaume, mngenificha daima.

Nikamuuliza Hilding kwa sauti ya chini, tumeinama wote wawili juu ya mzoga, kama mtu aliye msonobarini anaweza kuona kijito. Kisu chake kikasimama. Akasema kazi ikiharibika nyama itanuka, nishike huo mguu. Basi nikajua kuna jambo.

Bandani, mafungu yakapangwa juu ya meza. Idadi ya mafungu ni idadi ya watu, hakuna la ziada. Nililihakikisha hilo kwa macho yangu kabla sijageukia ukuta. Hilding akashika kisu. "La nani hili?" Börje. "Na hili?" Sixten. "Hili?" La kwako, Hilding. Nikaendelea hivyo, nazikodolea mbao za ukutani, na jina langu sikulitaja. Likabaki fungu moja, na mtu mmoja ambaye hajatajwa, na nadhani waliokuwa nyuma yangu walishaanza kuvaa glavu.

"Na hili la mwisho, la nani?"

Nikasema, "La Evert Norrlid."

Nikageuka. Börje alikuwa amevua kofia, nadhani mkono wake ulifanya hivyo bila kumuuliza. Sixten akasema jina hilo halimo. Akasema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Nikamwambia kama halimo basi fungu halina mwenyewe, alile yeye, maana si mara ya kwanza kwake kula cha Evert. Akaniuliza nina maana gani. Nikamwambia nimesimama leo msonobarini, nina macho, na kutoka pale kijito hakionekani, ila kutoka kingojeo chake kinaonekana vizuri sana. Nikamwambia amewatoa watu kwa sheria huku yeye ndiye aliyeivunja, akamwachia mwenzake aibu mpaka kaburini, na kaburi lenyewe bado halijachimbwa kwa sababu ardhi ni ngumu kama roho yake.

Nilisema mengi mengine. Unanijua nikifunguka. Nilimwita mwoga. Nilimwita muuaji wa ndama. Wote walikuwa wakinitazama, na Torvald, hakuna hata mmoja aliyenitazama kwa hasira. Hilo lilinishangaza hata nikiwa katikati ya maneno yangu, lakini maneno yalishatoka na maji yakimwagika hayazoleki.

Sixten alisimama na mikono chini, mzee wa miaka sabini na ushei, akapokea yote. Mwisho akasema tu kwamba atakayetaka kuninyang'anya fungu hilo aje kwake kwanza, akatoka nje.

Nilivua ule utepe mwekundu, nikautundika kwenye lango lake wakati wa kupita. Hilding akalifunga fungu kwenye kitambaa na kuniburutia juu ya theluji kwa sleji mpaka nyumbani, huku mbwa akiunusa mzigo. Nikamkaribisha kahawa. Akavua buti. Akakaa kwenye kiti cha Baba, akainuka haraka, akakaa kingine.

Akasema, "Ingegerd, leo umemwonea mzee wa watu."

Nikamwambia basi anieleze. Akanywa kahawa yote kwanza. Akasema kuna siku Baba aliwakusanya bandani akawaapisha wasimwambie kijana, wala leo wala kesho, hata yeye akifa. Wakaapa, na wanaume wa Kvarnliden wana kasoro nyingi lakini kiapo wanakishika. Kisha akanitazama, akatia ugoro mpya mdomoni. "Alituapisha kuhusu kijana," akasema. "Kuhusu binti hakusema kitu."

Sasa Torvald, kama umesimama, kaa.

Hilding ndiye aliyempasua yule mama elki, siku ile ulipotumwa nyumbani kuleta sleji. Hukujiuliza kwa nini ulitumwa wewe, na haraka vile? Alikuwa na matundu mawili. Moja shingoni, la bunduki ya Baba, la karibu kabisa, la kumpunguzia mateso. Lingine ubavuni, dogo, na mapafu yalikuwa yamejaa damu, maana yake hilo ndilo lililotangulia. Hilding akatoa risasi yake kwa vidole. Ilikuwa ya bunduki ya Babu. Kikosini bunduki ya namna hiyo ilikuwa moja, na aliyeishika ulikuwa wewe.

Hukupiga hewa. Ulipiga ukaona theluji inamwagika kutoka kwenye matawi na hakuna mnyama, kwa sababu mnyama alikuwa amekimbia kuzunguka ghala na kuangukia kwenye kijito, usikoweza kuona. Baba aliisikia bunduki yako akiwa msonobarini. Aliusikia na mlio wa mama yule. Akaondoka kwenye kingojeo chake, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake, akamkuta anatapatapa na ndama kasimama pembeni. Akammalizia. Ndama akakimbia. Kisha akashika redio akasema Evert hapa, nimempiga jike, ndama kapotea, na mwanangu kapiga hewa.

Walipokutana kwenye mzoga hakuna aliyedanganyika. Sixten alisema sheria ni sheria na kijana atoke. Baba akasema, na Hilding ananiapia kwamba ni maneno yake hasa: "Leo ni siku yake ya kwanza. Mkimtoa leo mmemtoa msituni maisha yake yote. Mimi nimeshaua elki wa kutosha, nitoeni mimi." Wakabishana. Sixten akasema mmoja lazima atoke, haijalishi ni nani, bora sheria isimame. Hivyo ndivyo walivyoiokoa sheria yao. Walimtoa mtu waliyejua hana kosa, wakashika kiapo vizuri sana, na watu dukani walipomwita mlevi, muuaji wa mama elki, wao waliinamisha vichwa na kuhesabu chenji zao. Kwa hiyo Sixten si muuaji wa ndama. Nitakwenda kumwomba radhi kwa hilo. Kwa hayo mengine simwombi. Utepe ungali langoni kwake. Yeye hajautoa, nami sijaenda kuuchukua.

Sasa kumbuka majira yale. Unakumbuka alivyokuwa akiondoka asubuhi na skii, kila siku mpaka Machi, akirudi jioni hasemi? Tulidhani anakwenda kujificha anywe. Wewe ndiwe uliyenong'ona hivyo mezani, na Mama, Mungu amrehemu, akakubali. Alikuwa akimtafuta ndama wako. Vidole viwili vya mguu alivyokatwa hospitalini havikuliwa na pombe, viliganda msituni. Hilding alikwenda naye mara nyingine, ndiye aliyekuwepo walipomkuta ndama chini ya mberoshi, kunguru wameshamtoa macho. Baba alimfunika kwa matawi. Alirudi nyumbani akanawa mikono kwa muda mrefu mpaka nikamgombeza kwa kumaliza maji ya moto. Ndipo alipoanza kunywa, Torvald. Alikunywa, sikatai, mimi ndiye niliyefua mashuka. Lakini alianza baada ya hapo.

Nawe miaka miwili baadaye ukaondoka. Ulisema huwezi kuishi mahali ambapo kila mtu anakutazama kama mtoto wa Evert. Bunduki ya Babu ukaiacha ukutani. Yaani alitoa jina lake lote ili ubaki na msitu, na wewe ukauacha msitu kwa sababu ya jina lake. Nimeligeuza jambo hili kichwani wiki nzima nikikamua ng'ombe, na kila nikiligeuza linachoma upande mwingine.

Hasira yangu si yako peke yako, usidhani. Nina hasira na Baba. Angeniambia mimi. Nilimpikia miaka kumi na mmoja, nikamvua buti, nikavumilia macho ya watu, na hakuna hata siku moja aliyoona kwamba mabega yangu yangeweza kumsaidia kubeba. Alikupenda wewe mpaka akajivunja, na mimi alinipenda kama mtu anavyolipenda jiko: liwepo tu, liwe na moto. Nimelia kwa ajili yake, na nimelia kwa sababu hiyo pia.

Siku alipokufa nilikuta ndani ya kopo lake la ugoro kipande cha chuma kilichobonyea, hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Nilidhani ni takataka, nikakitupia kwenye droo ya vifungo. Hilding nilipomwonyesha alikitambua kabla sijamkabidhi. Baba alikuwa akitembea nacho miaka yote hiyo, mfukoni, kila alipotia ugoro anakigusa. Ndicho hicho kilicho kwenye pembe ya bahasha. Sasa kitoe.

Nilipokupigia simu kuhusu maziko uliniambia mtu aliyeacha ndama afe njaa asikudai machozi. Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu mimi mwenyewe niliamini vile vile. Sasa ninalo. Baba hakukudai. Mimi ndiye ninayekudai.

Ardhi italainika Juni. Kwa maziko mchungaji ametupa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo, saa tano asubuhi. Majivu ya mwili wake, yatakayozikwa siku hiyo, yapo chumbani kwake, kando ya dirisha la kuelekea msituni. Fungu lake limo kwenye friza, chini ya matunda, limeandikwa jina lake kwa mwandiko wangu. Sijalila, na sitalila. Linapelekwa nyumbani kwa marehemu na kuliwa na mwanawe wa kiume, ndivyo desturi inavyosema, na safari hii wacha desturi ifuatwe. Litakuwa ni ndama, utanisamehe.

Msalimie sana Anneli. Mbusu mtoto kwa ajili yangu, na akikua akakuuliza babu yake alikuwa mtu gani, tafadhali maziwa yasichemke. Chukua koti zito, huku Juni si Juni ya Malmö. Nitakutandikia kitanda chako kile kile.

Bado ni mimi, dada yako,

Ingegerd